Kukimbia au Kurusha: Nani Huandika Kanuni, na Nani Hulipa?

Katika mijadala yetu kuhusu katiba, sheria za kazi na haki za raia, tumezoea kuiangalia kanuni kama mstari uliochorwa ardhini: ama umeuvuka, ama hujauvuka. Ni mara chache tunauliza nani aliyeshika chaki. Leo namwomba msomaji anivumilie nilifuate swali hilo mahali ambapo wengi wetu hatuna mazoea ya kutazama, yaani katika mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa mikono zaidi ya miguu, kwa kofia ngumu na mabega yaliyofungwa kinga. Nimeuchagua kwa sababu kanuni zake hubadilishwa hadharani, kwa kura za kamati, karibu kila mwaka. Matokeo ya kila badiliko hupimika kwa yadi, kwa pointi, kwa mishahara na, kama tutakavyoona, kwa maiti.

Maelezo mafupi yanatosha kwa asiyeujua. Timu mbili hukabiliana, kila moja ikiwa na watu 11. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu, hupata majaribio mengine manne. Ikishindwa, humpa mpinzani mpira. Kusonga kuna njia mbili. Mchezaji anaweza kuubeba mpira na kukimbia nao akipenya katikati ya miili ya wapinzani. Au mchezaji anayeitwa kwotabeki anaweza kuurusha mbele, na mwenzake akaudaka. Historia nzima ya mchezo huu inaweza kusimuliwa kama mvutano kati ya njia hizo mbili.

Mtazamaji wa leo, anayeona pasi zikirushwa katika zaidi ya nusu ya mashambulizi, hudhani kwamba kurusha kulishinda kwa sababu ni bora kuliko kukimbia, kama vile gari lilivyomshinda farasi. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Hoja yangu ni kwamba mizani hii haikuelemea yenyewe. Ilisukumwa na walioandika kanuni, kwanza kwa hofu ya vifo, baadaye kwa hamu ya fedha. Na kila iliposukumwa, sehemu kubwa ya gharama iliwaangukia watu ambao hawakuwa wamealikwa mezani.

Mchezo uliozaliwa katika msongamano

Mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ilichezwa tarehe 6 Novemba 1869 kati ya vyuo vya Rutgers na Princeton. Ilifanana zaidi na soka kuliko na mchezo tunaouona leo. Katika miaka ya 1880, Walter Camp wa chuo cha Yale aliongoza mageuzi yaliyoupa mchezo sura yake: timu kubaki na mpira kwenye mstari wa kuanzia badala ya kuugombania, na kuanzia 1882, kulazimika kusonga yadi 5 katika majaribio matatu. Kurusha mpira mbele kulikatazwa, kama ilivyo katika raga.

Tuangalie kanuni hizo zilizaa nini. Ukimwambia mtu kwamba yadi 5 tu zinamtosha, na kwamba hawezi kuurusha mpira mbele, umemwambia kwamba njia ya uhakika ni kukusanya watu wengi mahali pamoja na kusukuma. Mwaka 1892 chuo cha Harvard kilileta mbinu ya kabari: wachezaji walishikamana katika umbo la mshale, wakakimbia kwa kasi na kumgonga mpinzani mmoja. Kabari hiyo ilipigwa marufuku baada ya muda mfupi, lakini msongamano wenyewe ulibaki, kwa kuwa chanzo chake hakikuguswa. Vijana walivunjika shingo, wakapasuka mafuvu, wakakanyagwa chini ya lundo la miili.

Katika msimu wa 1905 magazeti yalihesabu vifo visivyopungua 18. Rais Theodore Roosevelt, ambaye mwenyewe alikuwa mpenzi wa mchezo huo, aliwaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton mwezi Oktoba. Mwezi uliofuata mchezaji wa chuo cha Union alifariki kutokana na mechi dhidi ya Chuo Kikuu cha New York, na mkuu wa chuo hicho, Henry MacCracken, akaitisha mkutano wa vyuo. Chuo cha Columbia kiliufuta mchezo kabisa. Stanford na California vikahamia raga. Kutokana na mikutano hiyo kilizaliwa chombo ambacho tangu 1910 kinaitwa NCAA, na ambacho hadi leo kinasimamia michezo ya vyuo vikuu vya Marekani.

Pasi kama dawa ya vifo

Mwaka 1906 kamati ya kanuni iliruhusu pasi ya mbele na kuongeza umbali wa lazima kutoka yadi 5 hadi 10. Nia ilikuwa kuwatawanya wachezaji. Ikiwa mpira unaweza kuruka juu ya vichwa, mlinzi hawezi tena kusimama katika lundo. Atalazimika kulinda uwanja mzima. Tarehe 5 Septemba mwaka huohuo, Bradbury Robinson wa Chuo Kikuu cha Saint Louis alirusha pasi ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya kwanza halali.

Lakini kamati iliyotoa ruhusa kwa mkono wa kulia iliibana kwa mkono wa kushoto. Pasi iliyoanguka chini bila kuguswa na mtu iliwapa wapinzani mpira. Mrushaji alilazimika kusogea yadi 5 kando ya mahali mpira ulipoanzia. Wanasheria wanaijua vizuri aina hii ya haki: imeandikwa, ipo, lakini masharti yake yanamfanya mwenye busara asiitumie. Vyuo vikubwa vilivyokuwa na vijana wazito havikuwa na sababu ya kujihatarisha. Viliendelea kusukuma, na mwaka 1909 vifo vikaongezeka tena. Ndipo mwaka 1910 kamati ikapiga marufuku kumsukuma na kumvuta mwenzako mwenye mpira, na mwaka 1912 ikaongeza jaribio la nne na kuondoa ukomo wa yadi 20 uliokuwa umewekewa pasi.

Walioichukua pasi mapema ni wale ambao msongamano haukuwapa nafasi. Kati yao namkumbusha msomaji shule ya Carlisle, Pennsylvania, iliyoanzishwa mwaka 1879 kwa ajili ya watoto wa Wenyeji wa Asili wa Marekani. Shule hiyo haikuwa ya hisani. Watoto waliondolewa kwa wazazi wao, wakakatwa nywele, wakakatazwa kusema lugha zao, kwa lengo lililotamkwa wazi la kuufuta utamaduni wao. Sisi tuliosoma historia ya shule za kikoloni hatuhitaji kufafanuliwa zaidi. Vijana wa Carlisle walikuwa wepesi kuliko wapinzani wao, na kocha wao Pop Warner alitafuta kila njia ya kukwepa uzito. Mwaka 1907 waliirusha mipira mirefu na kukishinda Chuo Kikuu cha Pennsylvania 26 kwa 6. Mwaka 1912, wakiwa na Jim Thorpe, walilishinda jeshi, yaani chuo cha kijeshi cha West Point, 27 kwa 6. Mmoja wa waliokuwa upande wa jeshi siku hiyo alikuwa kijana Dwight Eisenhower, rais wa baadaye.

Hata hivyo, simulizi iliyopendwa kwa miaka mingi husema kwamba pasi ilizaliwa tarehe 1 Novemba 1913, Notre Dame ilipoishinda West Point 35 kwa 13 kwa mikono ya Gus Dorais na Knute Rockne. Mechi hiyo ilikuwa kubwa, na iliifanya nchi nzima kuiona pasi. Lakini kuonekana si kuzaliwa. Carlisle ilifungwa mwaka 1918, na waliofungiwa shule hawakubaki na kalamu ya kuandika historia.

Mkono uliofungua na mkono uliofunga

Ligi ya kulipwa, inayoitwa NFL, ilianzishwa mwaka 1920 mjini Canton, Ohio. Kwa zaidi ya miaka kumi ilifuata kanuni za vyuo. Mwaka 1933 wamiliki wa timu, wakiongozwa na George Halas wa Chicago na George Preston Marshall, waliamua kuwa na kanuni zao. Waliruhusu pasi irushwe kutoka mahali popote nyuma ya mstari, si lazima yadi 5 nyuma kama zamani. Mwaka uliofuata mpira wenyewe ukapunguzwa unene ili ukae vizuri mkononi. Ulikuwa mdororo mkuu wa uchumi, viti vilikuwa vitupu, na wamiliki walitaka pointi zitakazowavuta watu. Marshall alihamishia timu yake Washington mwaka 1937, akamleta Sammy Baugh kutoka Texas, na mrushaji huyo akampa ubingwa katika msimu wake wa kwanza.

Sasa tuutazame mkono wa pili. Msimu huohuo wa 1933 ndio wa mwisho kuwaona wachezaji weusi katika ligi. Kuanzia 1934 hadi 1945 hakuchezeshwa hata mmoja. Hakuna kanuni iliyoandikwa. Palikuwa na makubaliano ya kimya miongoni mwa wamiliki. Mlango ulifunguliwa tena mwaka 1946, Kenny Washington na Woody Strode waliposajiliwa Los Angeles. Marshall, huyo mwanamageuzi wa pasi, alikuwa wa mwisho kabisa kukubali. Hakuwa na mchezaji mweusi hadi 1962, na alilegea tu baada ya serikali ya Kennedy kumkumbusha kwamba uwanja mpya wa timu yake ulikuwa juu ya ardhi ya serikali kuu.

Nawaomba wanafunzi walizingatie jambo hili. Mtu mmoja anaweza kuwa mwanamageuzi na mbaguzi katika kikao kilekile. Kanuni zilizoandikwa zilipanuliwa, zile zisizoandikwa zikabanwa. Mtafiti anayesoma nyaraka rasmi peke yake ataandika kwamba mwaka 1933 ulikuwa mwaka wa uhuru.

Ubaguzi haukuisha wachezaji weusi waliporuhusiwa kuingia. Ulihamia ndani ya uwanja. Mweusi aliruhusiwa kukimbia, kudaka na kugongana, lakini si kurusha, kwa sababu kwotabeki ndiye anayesoma mpango wa wapinzani na kutoa amri. Mwaka 1970 wanasosholojia John Loy na Joseph McElvogue walionyesha jinsi nafasi za katikati ya mchezo zilivyohodhiwa na weupe. Warren Moon, aliyekuwa kwotabeki bora chuoni, hakuchaguliwa na timu yoyote ya NFL mwaka 1978. Alikwenda Kanada, akashinda ubingwa mara tano, ndipo nchi yake ikamwita. Kwa hiyo, kadiri pasi ilivyozidi kuwa kazi yenye heshima na malipo, ndivyo ilivyokuwa muhimu zaidi kuuliza nani anaruhusiwa kuirusha. Jibu lilianza kubadilika tarehe 31 Januari 1988, Doug Williams alipokuwa kwotabeki mweusi wa kwanza kuanza na kushinda Super Bowl, 42 kwa 10, akirusha pasi nne za kufunga katika robo moja ya mchezo. Timu yake ilikuwa ileile ya Washington, ya Marshall.

Televisheni inapoandika kanuni

Turudi kwenye mizani. Mwaka 1961 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoziruhusu ligi kuuza haki za matangazo kwa pamoja bila kuhesabiwa kuwa zimekula njama dhidi ya ushindani. Tangu hapo mteja mkuu wa mchezo hakuwa tena mtu aliyeketi uwanjani, bali mtangazaji. Ligi pinzani ya AFL, iliyoanza 1960, ilijijengea jina kwa pasi ndefu. Mwaka 1967 Joe Namath alirusha zaidi ya yadi 4,000 katika mechi 14. Ligi hizo ziliungana rasmi mwaka 1970.

Lakini makocha wa ulinzi nao hawakulala. Kuna msemo wa makocha kwamba ukirusha pasi yanaweza kutokea mambo matatu, na mawili kati yake ni mabaya. Walinzi waliruhusiwa kuwagonga na kuwasumbua wadakaji njia nzima. Kukimbia kukarudi kuwa mfalme. Mwaka 1973 O. J. Simpson alikuwa wa kwanza kukimbia zaidi ya yadi 2,000 katika msimu. Katika Super Bowl iliyofuata, Miami ilitwaa ubingwa huku kwotabeki wake akirusha mara 7 tu. Ulikuwa mchezo wenye nidhamu na ushindi, lakini haukuwa biashara nzuri. Mwaka 1977 wastani wa timu ulishuka hadi pointi 17.2 kwa mechi, kiwango cha chini kabisa tangu 1942. Ligi hiyohiyo ilikuwa imetia saini mikataba mipya na mikubwa na vituo vitatu vya televisheni.

Mwaka 1978 kamati ilikata shauri. Mlinzi alikatazwa kumgusa mdakaji baada ya yadi 5, na wanaomkinga kwotabeki waliruhusiwa kunyoosha mikono na kufungua viganja. Kwa mtu wa kawaida haya ni mambo madogo. Matokeo yake yalikuwa kwamba katika miaka ya 1980 pasi zilizidi mbio, na hazijarudi nyuma hadi leo. Mwaka 1984 Dan Marino alirusha yadi 5,084. Mwaka 2013 Peyton Manning alifikisha 5,477.

Kuna atakayenipinga kwamba nawanyima wabunifu haki yao. Ni kweli, akili ilikuwepo. Virgil Carter, kwotabeki aliyekuwa pia mwanahisabati, alichapisha mwaka 1971 pamoja na Robert Machol utafiti uliopima thamani ya kila mahali uwanjani. Carter huyohuyo alimchezea Bill Walsh mjini Cincinnati, ambako Walsh alianza kutumia pasi fupi kama mbadala wa kukimbia, kabla ya kuutumia mfumo huo San Francisco na kushinda ubingwa mara tatu. Siupuuzi ubunifu huo. Nasema tu kwamba mbegu ya Walsh ilimea kwa sababu mwaka 1978 shamba lilikuwa limelimwa.

Hesabu ya mkimbiaji

Na yule aliyekuwa mfalme? Mkimbiaji ndiye anayegongwa zaidi, na ukoo wake kimchezo ni mfupi. Tangu mkataba wa pamoja wa 2011, mchezaji mpya hulipwa kwa kiwango kilichopangwa kwa miaka yake minne ya kwanza. Baada ya hapo timu inaweza kumzuia mwaka mmoja zaidi kwa kumpa malipo yanayokokotolewa kutokana na nafasi anayocheza. Mwaka 2023 malipo hayo yalikuwa takriban dola milioni 32.4 kwa kwotabeki na milioni 10.1 kwa mkimbiaji. Ni fedha nyingi kwetu sote, lakini tuangalie muundo: miaka ambayo mwili wa mkimbiaji una nguvu ndiyo miaka ambayo hana uhuru wa kuuza nguvu hizo. Akiwa huru, ameshachakaa. Miaka ya 2013 na 2014 hakuna mkimbiaji hata mmoja aliyechaguliwa katika raundi ya kwanza ya usajili wa wachezaji wapya. Chama cha wachezaji kilitia saini mkataba huo kwa niaba ya wote. Lakini wastani wa wote si hali ya kila mmoja, na hilo ni somo kwa vyama vya wafanyakazi popote.

Gharama nyingine haionekani kwenye hati ya mshahara. Mwaka 2002 daktari Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, aliuchunguza ubongo wa marehemu Mike Webster, aliyecheza katikati ya mstari wa Pittsburgh, akakuta uharibifu unaotokana na kugongwa mara kwa mara. Alipochapisha matokeo mwaka 2005, madaktari wa kamati ya ligi walitaka andiko hilo liondolewe. Baadaye wachezaji wastaafu walishtaki, na suluhu ikafikiwa. Lakini hata ndani ya suluhu hiyo palikuwa na kipimo kilichochukulia kwamba mtu mweusi huanza maisha akiwa na uwezo mdogo wa akili, hivyo ilikuwa vigumu zaidi kwake kuthibitisha kwamba ameupoteza. Wastaafu wawili, Kevin Henry na Najeh Davenport, walikwenda mahakamani mwaka 2020, na mwaka uliofuata ligi ikakubali kukiacha kipimo hicho. Davenport alikuwa mkimbiaji. Makubaliano ya kimya ya 1934 yalikuwa yamepata lugha ya kitabibu.

Mizani haijatulia

Tarehe 12 Februari 2023, kwa mara ya kwanza, makwotabeki wote wawili walioanza Super Bowl walikuwa weusi: Patrick Mahomes na Jalen Hurts. Na mwaka 2024, wakati walinzi wameshatawanywa nyuma kuzuia pasi, Saquon Barkley, aliyekuwa miongoni mwa waliozuiwa kwa malipo ya 2023, alihamia Philadelphia na kukimbia yadi 2,005. Timu yake ikatwaa ubingwa. Uwanja ukitanuliwa kwa pasi, katikati hubaki pengo, na anayejua kukimbia hulipitia.

Timu hiyohiyo ilijulikana kwa mbinu nyingine: Hurts huuchukua mpira, na wenzake humsukuma kutoka nyuma hadi yadi inayotakiwa ipatikane. Msomaji atakumbuka kwamba kumsukuma mwenye mpira kulipigwa marufuku 1910 kwa sababu ya vifo. NFL iliiondoa marufuku hiyo mwaka 2005. Mwezi Mei 2025 wamiliki walipiga kura kuirudisha: 22 walikubali, 10 walikataa, na kwa kuwa zilihitajika kura 24, kusukuma kukabaki halali. Wachezaji wanaosukuma na kusukumwa hawana kura katika kikao hicho.

Kwa hiyo nawaachia wanafunzi wangu, wanaharakati na watumishi wa umma maswali matatu ya kubeba kila mnapoletewa rasimu ya kanuni, iwe ya bandari, ya hospitali au ya chuo. Nani yupo mezani inapoandikwa? Ni kanuni gani isiyoandikwa inayotembea pembeni yake? Na mwili wa nani utapokea mgongano ambao kanuni hiyo itauzaa? Anayeyauliza kabla ya kura kupigwa amefanya kazi ya uraia. Anayeyauliza baadaye huishia kuhesabu, kama magazeti ya Marekani yalivyohesabu mwaka 1905.